Matiko

Mzee alishika kipande cha chuma kwa koleo, akakigusisha kwenye jiwe la mashine ya kunolea, akaniambia nitazame cheche, nisitazame chuma. Cheche zilitoka ndefu, zilizonyooka, zikaanguka chini na kuzimika. "Nondo," alisema, akakitupa pembeni. Akachukua kipande kingine, kipana, chenye kutu na madoa ya grisi. Safari hii cheche zilikuwa nyingi na zilipasukapasuka zikiwa bado hewani. Akatikisa kichwa kuridhika. "Springi ya lori. Hii inakubali maji."

Tulikuwa Temeke, nyuma ya soko la Tandika, kwenye kibanda cha mabati chenye tanuru dogo la mkaa, feni ya kuzungusha kwa mkono iliyoundwa kwa rimu ya baiskeli, na kipande cha reli kinachofanya kazi ya fuawe. Nilikuwa nimefika hapo kutafuta picha ya kufungia sura ya mwisho ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu historia ya ufuaji chuma nchini. Sura yenyewe nilikwisha kuiandika. Ilisema kwamba majembe ya Ulaya yaliingia, tanuru za kuyeyushia mawe ya chuma zikazimwa moja baada ya nyingine, na kufikia katikati ya karne ya 20 ufundi ule ukawa kumbukumbu ya wazee. Nilitaka tu picha ya mhunzi akiwa amezungukwa na chuma chakavu, iwe ushahidi wa mwisho huo.

Kilichoniharibia mpango ni kauli ile ya "inakubali maji".

Kisu kizuri huamuliwa na mambo mawili, na ni rahisi kuyachanganya. La kwanza ni chuma chenyewe. Chuma kikiwa na kaboni kidogo sana, kama nondo nyingi za ujenzi ambazo kaboni yake haizidi sana asilimia 0.2, unaweza kukichoma na kukitumbukiza majini mpaka uchoke. Hakitakuwa kigumu kiasi cha kushika makali. Springi za magari zina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na tupa za zamani zilizotengenezwa vizuri hufika asilimia 1 au kupita. Huo ndio utajiri ambao mzee huusoma kwenye cheche: kaboni ndiyo inayozipasua.

La pili ni moto na maji. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa mpaka kiive wekundu, juu ya nyuzijoto 770 ambapo sumaku huacha kukinasa, mpangilio wake wa ndani hubadilika na kaboni husambaa humo. Kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kujitenga na chuma hurudi kuwa laini. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa mahali ilipo na chuma hukakamaa. Springi moja, ikikatwa vipande viwili na kufuliwa visu viwili vinavyofanana kama pacha, inaweza kutoa kisu cha kuchunia mbuzi na kisu cha kupakia siagi. Tofauti ni dakika chache za mwisho tu.

Dakika hizo zina jina katika Kiswahili. Kamusi za zamani zimeliandika: matiko. Kutia kisu matiko ni kukipa ugumu kwa moto na maji. Zimeandika pia pua, yaani chuma kigumu cha kutengenezea makali, na feleji, iliyosifiwa katika upanga wa feleji, upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili. Lugha haitungi maneno matatu ya namna hiyo kwa jambo isilolifahamu. Nilipomtajia mzee neno matiko alicheka. "Umelitoa wapi hilo, mwanangu? Hilo alikuwa analisema marehemu baba. Sisi tunasema kutia maji."

Nilirudi nyumbani na kuanza kusoma upya vyanzo vyangu, safari hii nikimtafuta aliyetia maji badala ya aliyeyeyusha mawe.

Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1 anaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, ambalo mwanaakiolojia Felix Chami analiweka katika eneo la Rufiji. Miongoni mwa bidhaa zilizoletwa huko anataja mikuki iliyotengenezwa Muza, Arabuni, mahsusi kwa soko hilo, pamoja na mashoka, visu vidogo na nyuma za kutobolea. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani maana yake ni kwamba pwani haikuwa na chuma. Lakini Chami huyo huyo alichimba Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, na kukuta mabaki mengi ya mavi ya chuma na mirija ya kupulizia tanuru, ya kutoka takribani nyakati hizo hizo. Watu waliokuwa wakiyeyusha chuma kwa wingi walikuwa jirani na watu walionunua visu kutoka ng'ambo.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1154, al-Idrisi anakamilisha kitabu chake cha jiografia kwa mfalme wa Sicily. Anasema watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na kwamba biashara hiyo inawapa faida kubwa. Anasema pia chuma cha Sofala kilipelekwa India na kupata bei nzuri, na anawasifu Wahindi kwa ustadi wa kukigeuza kuwa panga kali. Yeye mwenyewe hakufika huku. Aliandika kwa kusikia. Hata hivyo, habari hiyo inamwonyesha msomaji pengo ambalo bado tunaishi nalo: malighafi inatoka kwetu, na sifa ya makali inabaki kwa aliyeitia moto.

Ndiyo maana ugunduzi wa Katuruka, karibu na Bukoba, ulikuwa na uzito. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya, waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani, wajenge tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele yake. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science: tanuru zile zilitoa chuma chenye kaboni, yaani pua, na mabaki ya tanuru za kale za eneo hilo yana umri wa takribani miaka 2,000. Walidai kuwa siri ilikuwa ni hewa iliyopata joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye moto. Wataalamu wengine wameipinga sehemu hiyo ya maelezo, na mjadala ni mrefu. Kwamba pua ilipatikana si jambo la kubishaniwa.

Ila jambo moja nilikuwa nimelipita haraka. Bonge linalotoka kwenye tanuru la namna ile halina kaboni iliyo sawa kila mahali. Upande mmoja unaweza kuwa pua, mwingine chuma laini. Mhunzi alilazimika kulivunja, kuvitambua vipande, na kuamua kipi kiwe makali ya shoka na kipi kiwe bangili. Kwa hiyo kazi ya kuchagua chuma haikuanza na skrepa. Mzee wa Tandika anayepanga nondo huku na springi kule anafanya kazi ambayo ingefanywa Buhaya. Tofauti ni kwamba bonge lake ni jiji zima.

Na jiji hilo limejaa chuma. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Malori yakafuata. Miaka ya 1970 ikaja TAZARA, ambayo stesheni yake kuu ipo pale pale Temeke, na upande wa pili wa jiji, Ubungo, wakati huo ndani ya Kinondoni, kiwanda cha UFI kilichojengwa kwa msaada wa China kikafyatua majembe na mapanga kwa ajili ya mkulima wa Ujamaa. Kila chombo kilichochakaa kilihitaji mtu wa kujua kimetengenezwa kwa chuma gani. Tanuru zilizimwa, ni kweli. Aliyekuwa akichagua vipande na kuvitia matiko hakuacha kazi. Alibadilisha tu mahali pa kupata chuma.

Nilirudi Tandika bila kamera. Mzee alikuwa na bapa la kisu kwenye moto. Lilipoiva alilichovya kwenye debe la oili chafu. Moshi ulijaa kibanda. Nikamuuliza kwa nini oili wakati anasema maji. "Maji yenyewe yana pupa," alisema. "Springi ukiitia maji matupu inaweza kupasuka." Akalisugua bapa, akalibana ncha kwenye koleo la meza, akaligonga kwa nyundo ndogo. Likakatika kama sahani.

Nilidhani amekosea. Kumbe alikuwa ananifundisha. Chuma kilichotoka kwenye oili kina ugumu wa kioo na udhaifu wake. Lazima kirudishwe motoni kidogo, kwa joto la chini. Alichukua bapa la pili, lililokwisha kuchovywa, akalisugua mpaka likang'aa, akalishika juu ya makaa kwa upande wa mgongo. Rangi ilianza kutembea juu yake: njano ya nyasi kavu, ambayo huja karibu na nyuzijoto 220, kisha hudhurungi, kisha zambarau. Njano ilipofika kwenye makali alilitoa. Angechelewa mpaka likawa bluu, karibu na nyuzijoto 300, lingekuwa na unyumbufu wa springi na makali ya kusuasua.

Wateja wake ni wachinjaji, wauza samaki, mama lishe. Wengi, alisema, siku hizi wanataka kisu cha stenlesi kutoka dukani kwa sababu kinang'aa na hakishiki kutu. Hakulalamika. Stenlesi nayo hutiwa moto, na ipo iliyotiwa vizuri. Ya bei ya chini mara nyingi ni laini, na mteja hulijua hilo wiki ya pili. Kilichomsumbua ni vijana. Wanne wamepita mikononi mwake, na wote wameondoka kwenda kuchomelea mageti na madirisha, ambako nondo inatosha na fedha inaonekana haraka. Hakuna aliyekaa mpaka kuzijua rangi.

Nimeifuta sura yangu ya mwisho. Lakini nikiiandika upya nahofia kwamba sikuwa nimekosea mwisho wenyewe, nilikuwa nimeuwahisha tu.

Siku ya kuaga nilitoa daftari, nikamwomba mzee anirudie zile rangi kwa mpangilio niziandike. Alitazama daftari, akatazama jua lililokuwa likiingia kwenye upenyo wa bati.

"Ukiziona mchana huu zitakudanganya," alisema. "Njoo jioni, kukiwa na giza kidogo. Na hilo daftari liache nyumbani, utakuwa unazungusha feni."