Asili ya Herufi Nene za Mlazo

Ukishika gazeti, jicho lako huenda kwanza kwenye kichwa cha habari. Mara nyingi herufi zake ni nyeusi na nene, zimebanwa pamoja, nazo zimeinama mbele kama mtu akimbiaye. Herufi hizi hazikuzaliwa siku moja, wala katika nchi moja.

Mwinamo wake ulitoka Venice, katika Italia. Huko alikaa mpiga chapa mwenye elimu nyingi, jina lake Aldus Manutius. Alitaka vitabu vidogo vya kuchukulika mkononi, vyenye herufi zifananazo na mwandiko wa haraka wa wataalamu wa siku zile. Aliyezichonga ni Francesco Griffo wa Bologna. Kazi hiyo si nyepesi: herufi huchongwa kinyume katika ncha ya chuma kigumu, chuma hicho hupigwa juu ya shaba, kikaacha shimo la umbo lake, kisha risasi iliyoyeyushwa humiminwa humo. Mwaka 1500 maneno machache ya mlazo yalionekana katika kitabu cha nyaraka za Mtakatifu Katerina wa Siena. Mwaka 1501 kikatoka kitabu kizima, mashairi ya Virgil.

Katika kitabu hicho Aldus alimsifu Griffo kwa mistari michache. Lakini mwaka 1502 serikali ya Venice ilipotoa haki ya kuzitumia herufi hizo, ilimpa Aldus peke yake. Basi Griffo akaondoka, akaenda Fano kwa mpiga chapa Gershom Soncino, naye mwaka 1503 Soncino akaandika wazi ya kuwa mwenye kuzibuni ni Griffo.

Wala Aldus mwenyewe hakustarehe, maana haki ile haikufika Ufaransa. Wapiga chapa wa Lyon waliziiga herufi zake na vitabu vyake. Mwaka 1503 akatoa tangazo, akihesabu makosa yaliyomo katika vitabu vyao, ili wanunuzi wawatambue. Wale wa Lyon wakalisoma tangazo, wakayasahihisha makosa yao, wakaendelea kuuza!

Unene ulikuja miaka mia tatu baadaye, katika London. Biashara ilikuwa imekua, na kila mwenye duka alitaka tangazo lake lionekane ukutani kabla ya la jirani yake. Robert Thorne hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoa herufi nene sana. Mwaka 1845 Robert Besley alitoa herufi ziitwazo Clarendon, zilizochongwa na Benjamin Fox: nene, tena zilizobanwa, ili neno moja lionekane upesi katikati ya mengine. Sheria ilimlinda kwa miaka mitatu tu. Ilipokwisha, wengine wakaziiga, kama ilivyokuwa kwa Aldus.

Kwa matangazo makubwa risasi haikufaa, kwa kuwa ilikuwa nzito na ya gharama. Huko New York, Darius Wells akachonga herufi za mti kwa mashine, na mwaka 1828 akatoa orodha yake ya kwanza ya kuuzia.

Na kwa nini zibanwe? Kwa sababu safu ya gazeti ni nyembamba, na kichwa cha habari hutaka kuwa kikubwa. Herufi ikipunguzwa upana, huweza kuongezwa urefu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili vema: "hawatatusahau" ni neno moja tu, nalo lina herufi kumi na tatu!

Siku hizi herufi huchorwa katika kompyuta, bila chuma wala risasi, na kuziiga ni rahisi kuliko zamani. Kwa hiyo shida ya Griffo na ya Aldus ingalipo: mmoja huchonga, mwingine hutajwa, na wa tatu huiga.

Tena tukumbuke ya kuwa herufi nene zilikuzwa na watu waliotaka kuuza. Zaweza kulifanya neno lionekane. Haziwezi kulifanya liwe kweli. Msomaji mwenye busara hutazama kichwa cha habari kwa jicho moja, kisha husoma herufi ndogo zilizo chini yake kwa macho yote mawili.