Nani Apime Hasara? Historia ya Bei ya Ukarabati Katika Bima ya Moto

Ukarabati wa nyumba unaogharimiwa na bima hukutanisha pande tatu zenye masilahi tofauti: mwenye mali, ambaye anataka nyumba yake irudi kama ilivyokuwa, mkandarasi, ambaye anataka ujira unaolingana na kazi, na kampuni ya bima, ambayo inataka kulipa hasara iliyotokea na si zaidi. Kwa kuwa anayeagiza kazi siye anayeilipia, mapatano ya kawaida ya sokoni, ambamo mnunuzi hujizuia kwa sababu fedha zinatoka mfukoni mwake, hayafanyi kazi vizuri hapa. Historia ya jiji la London, ambako bima ya moto ya Uingereza ilizaliwa, inaonyesha kwamba bei ya haki ilikaribiwa kila mara kipimo cha hasara kilipoandikwa na mtu asiyefaidika nacho, na kwamba mgogoro ulizuka upya kila mara mpimaji alipoanza kuonekana kuwa wa upande mmoja.

Moto mkubwa wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya mitaa. Bima ya moto haikuwapo bado, na mikataba mingi ya upangaji ilimtwika mpangaji wajibu wa kuikarabati nyumba na kuendelea kulipa kodi hata nyumba yenyewe ikiwa majivu. Mpangaji aliyebakiwa na miaka michache hakuona sababu ya kujenga kwa faida ya mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja naye aliushikilia mkataba. Ndipo Bunge, mwanzoni mwa 1667, lilipounda Mahakama ya Moto, chombo maalumu cha majaji kilichokaa Clifford's Inn na kusikiliza mashauri bila mlolongo wa taratibu za mahakama za kawaida. Majaji hao waliweza kuongeza muda wa upangaji na kupunguza kodi ili anayejenga apate muda wa kurudisha gharama zake, na kwa njia hiyo mzigo wa ujenzi uligawanywa kwa kutazama uwezo na faida ya kila upande, badala ya maneno makavu ya mkataba.

Sheria ya ujenzi mpya ya mwaka huohuo iligusa bei moja kwa moja. Ilitambua kwamba jiji zima likijengwa kwa pamoja, wauza matofali, vigae na chokaa pamoja na mafundi wangeweza kupandisha bei wapendavyo. Kwa hiyo iliwapa majaji uwezo wa kuweka viwango vya vifaa na ujira pale madai yalipozidi kiasi, na ikawafungulia milango mafundi kutoka nje ya jiji, ambao awali walizuiwa na vyama vya ufundi. Kipimo nacho kiliwekewa utaratibu: aliyetaka kujenga alilipa shilingi 6 na peni 8 kwa kila msingi, akapewa stakabadhi, kisha mpimaji wa jiji, kama Robert Hooke au Peter Mills, alifika kiwanjani, akapigilia vigingi kwenye mipaka na kuandika vipimo daftarini. Jirani aliyedai kwamba ukuta umeingia kwake alikuwa na maandishi ya kurejea.

Bima ilifuata baada ya miaka michache. Nicholas Barbon, ambaye mwenyewe alikuwa mjenzi mkubwa wa nyumba, alianzisha ofisi ya bima ya moto karibu 1680, akitoza asilimia 2.5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba ya matofali na asilimia 5 kwa nyumba ya mbao. Kampuni za mwanzo zilijiwekea haki ya kuchagua kati ya kulipa fedha na kuijenga nyumba upya kwa mafundi wao, haki ambayo iliwapa kinga dhidi ya madai yaliyokuzwa lakini pia iliwafanya wawe wapimaji wa deni lao wenyewe. Sheria ya mwaka 1774 ya kuzuia moto jijini London iligeuza sehemu ya haki hiyo kuwa wajibu: mtu yeyote mwenye masilahi katika jengo aliweza kuitaka kampuni itumie fedha za bima kulijenga upya, na kampuni ilipaswa kufanya hivyo pia iliposhuku kwamba moto umewashwa makusudi. Lengo lilitajwa wazi, nalo ni kuwazuia watu wanaochoma nyumba zao ili wapate fedha.

Katika karne ya 19 mahakama zilikamilisha kanuni ya fidia, yaani kwamba mwenye bima hurejeshewa hasara yake kamili bila kuvuna faida. Katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, iliyoamuliwa 1883, muuzaji wa nyumba alilipwa na bima pauni 330 kwa uharibifu wa moto, kisha mnunuzi akamlipa bei yote iliyokuwa imekubaliwa. Mahakama iliamuru pauni hizo zirudishwe. Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka, lakini paa la miaka 30 likibadilishwa kwa vigae vipya, lazima mtu aseme ni kiasi gani ni fidia na kiasi gani ni nyongeza ya thamani. Kazi hiyo iliangukia kwa wakadiriaji majenzi, ambao huorodhesha kila kipengele cha kazi kwa kipimo na bei, na kwa wakadiria hasara, ambao huchunguza madai kwa niaba ya kampuni za bima. Wakadiria hasara wa Uingereza waliunda chama chao 1941 na kupata hati ya kifalme 1961. Katika Afrika Mashariki, ambako sheria ya bima ilichukua misingi mingi ya Kiingereza, Kenya na Tanzania pia huwataka wataalamu wa aina hii wawe na leseni.

Nchini Marekani suluhisho lilichukua sura ya kompyuta. Kampuni ya Xactware, iliyoanzishwa katika jimbo la Utah mwaka 1986, ilitengeneza programu ya Xactimate, yenye orodha za bei za kila eneo zinazohuishwa mara kwa mara, nayo imekuwa lugha ya pamoja ya makandarasi na kampuni za bima. Faida yake ni kwamba mabishano hushuka kutoka jumla ya ankara hadi kwenye mstari mmoja unaoweza kukaguliwa, kama vile mita za dari au siku za kukausha ukuta uliolowa. Hata hivyo makandarasi wengi hulalamika kwamba bei iliyokusudiwa kuwa mwongozo hugeuzwa kikomo, hasa baada ya kimbunga, wakati ujira hupanda kuliko orodha. Orodha ya bei, kwa hiyo, haiwezi kuchukua nafasi ya mawasiliano: hutenda haki pale tu mkandarasi anapoonyesha kwa picha na vipimo, kabla ya kazi kuanza, kwa nini gharama yake inatofautiana nayo, na kampuni ya bima inapojibu kwa maandishi yenye sababu.