Rubani wa Dar es Salaam na Ajali ya Jangwani

Kabla vitabu vyake vya watoto havijampa jina, Roald Dahl alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell huko Tanganyika. Aliishi Dar es Salaam na kujifunza Kiswahili. Vita vilipotangazwa Septemba 1939 alikabidhiwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza, ili kuwazuia Wajerumani wa mji huo wasitorokee Msumbiji. Hakudumu katika kazi hiyo. Novemba alishika usukani wa gari lake na kuelekea Nairobi, safari ya kama maili 600, kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza.

Nairobi alikutana na Tiger Moth. Ndege hii ya mafunzo iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1931. Ina mabawa mawili yaliyopandana, mwili uliovikwa kitambaa na viti viwili visivyo na paa: mwalimu mbele, mwanafunzi nyuma. Injini yake ina nguvu ya farasi 130 tu. Breki haina, wala gurudumu la mkia. Ikishatua huburuta kipande cha chuma ardhini mpaka isimame. Mwanafunzi hufundishwa kuishusha taratibu ili magurudumu mawili ya mbele na mkia viguse chini kwa pamoja. Akikosea kidogo, ndege inadunda. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko ambavyo ingegusa Mombasa.

Dahl alikuwa na kimo cha karibu mita 2, kichwa chake kikichomoza juu ya kioo cha mbele. Upepo ulimnyima pumzi hadi alipobuni kujifunga kitambaa chembamba cha pamba puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo aliruka peke yake. Kundi lao lilikuwa la vijana 16. Vita vilipokwisha, 13 walikuwa wamekufa.

Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, Iraki, akafundishwa miezi sita kwa ndege za Hawker Hart. Agosti 1940 akawa ofisa, kisha akapangiwa kikosi namba 80, kilichopigana kwa Gloster Gladiator. Nayo ilikuwa ya mabawa yaliyopandana, ila hii ilibeba bunduki na ilikuwa na kiti kimoja. Kwa kuwa mwalimu hakuwa na pa kukaa, rubani alijifundisha mwenyewe.

Tarehe 19 Septemba 1940 alitumwa kutoka Abu Sueir, Misri, ajiunge na kikosi chake karibu na Mersa Matruh. Alijaza mafuta Amiriya na Fouka, akaelekezwa kiwanja kilichokuwa jangwani. Alipofika hapo hakukiona. Alizunguka huku jua likizama na mafuta yakipungua, mwishowe akaamua kutua mchangani. Magurudumu yaligonga jiwe kubwa, pua ya ndege ikajikita ardhini. Fuvu la Dahl lilipasuka, pua yake ikapondeka, macho yakapoteza nuru kwa muda. Alijikokota nje, na ndege ikaungua nyuma yake.

Kwa maelezo yake, mahali alipoelekezwa palikuwa pa makosa matupu. Mimi namwamini kwa hili moja: kumtuma mgeni wa ndege hiyo, jioni, kwenye jangwa lisilo na alama, ni uzembe hata kama ramani ingekuwa sahihi. Alilazwa Alexandria hadi Februari 1941. Aprili alikuwa Ugiriki, akipigana kwa Hurricane, lakini maumivu ya kichwa yakamrudisha nyumbani mwaka huohuo.

Agosti 1942 jarida la Marekani, Saturday Evening Post, lilichapisha simulizi yake chini ya kichwa kilichodai kwamba alitunguliwa Libya. Dai hilo likasambaa kwa miaka mingi, ingawa Dahl mwenyewe aliandika mwaka 1986, katika kitabu chake Going Solo, kwamba hakutunguliwa. Kichwa hicho kilikosea mara mbili: Mersa Matruh iko Misri, na hakuna adui aliyeirushia risasi ndege ile.