Saa Zinaporudishwa Nyuma

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao karibu na Ikweta hatuna haja ya kugeuza saa zetu, kwa kuwa jua letu huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Lakini Uingereza, majani yaanzapo kupukutika, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa nane za usiku hurudishwa kuwa saa saba. Jioni yake giza huwahi kwa saa nzima, na tangu kesho yake wafanyakazi na watoto hurejea nyumbani katika njia zenye giza, zilizojaa motokaa.

Desturi hii ilianzaje? Mwaka wa 1907 mjenzi wa nyumba, Bwana William Willett, alitoa kijitabu akiwasihi watu wasipoteze mwanga wa asubuhi kwa usingizi. Akafa mwaka wa 1915, shauri lake halijakubaliwa. Vita ndivyo vilivyolikubalisha: Wajerumani walisogeza saa zao mbele Aprili 30, 1916, na Waingereza wakafuata Mei 21, ili kuweka akiba ya makaa ya mawe.

Tangu 1968 hata 1971 Waingereza walijaribu kutozirudisha saa nyuma kabisa. Jioni zikapata mwanga. Lakini asubuhi za baridi kali jua la London lilichelewa hata saa tatu, na watoto wakaenda shule gizani. Hesabu ilionyesha kwamba walioumia asubuhi waliongezeka, bali waliosalimika jioni walikuwa wengi zaidi, ingawa sheria ya 1967 juu ya madereva walevi iliitatiza hesabu hiyo. Hata hivyo, Desemba 1970 Bunge lilikata shauri kwa kura 366 dhidi ya 81 kuliacha jaribio. Si ajabu: mtoto aliyegongwa asubuhi ana jina na kaburi, bali aliyesalimika jioni hajui mwenyewe kwamba ameokoka.

Basi, saa hugeuzwa kwa kura, giza haligeuzwi. Popote liingiapo, aendaye kwa miguu na avae nguo nyeupe au king'aacho, mwenye baisikeli awashe taa, na dereva apunguze mwendo. Nasi ambao giza hutufikia kama saa moja kila siku, fundisho hilo ni letu pia. Wahenga walisema: Tahadhari kabla ya hatari.