Nani Alisema Kukwea Ukuta ni Mambo ya Wazungu?

Kila nikiposti video ya watu wakikwea ukuta wa ndani, komenti ya kwanza huwa ni ileile: "Hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna shida zetu." Sawa, wasee. Tuichukue hiyo hoja kwa uzito, maana ina historia nyuma yake. (Niliacha chuo, kwa hivyo msiniite mwanahistoria. Kusoma sikuacha.)

Tuanzie hapa kaunti yetu. Ukiingia Hell's Gate pale Naivasha kwa lango la Elsa, muda si mrefu unafika Fischer's Tower, mwamba wa mita 25 hivi uliosimama peke yake, pimbi wamejaa chini wakiota jua. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo 1883. Wamaasai wana hadithi yao: msichana alikuwa anaondoka kwao kwenda kuolewa, akageuka kuangalia nyumbani, akawa jiwe. Mwamba ulikuwa na mwenyewe, lakini ramani inamjua Mjerumani tu.

Mlima Kenya mambo yalikuwa kinyume. Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian Septemba 1899, pamoja na waongozaji wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele akavipa majina ya malaibon wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 100, Waswahili na Wakikuyu. Wangapi kati yao unawajua kwa jina? Nadhani ile komenti ya "mambo ya wazungu" ilizaliwa hapo. Sisi tulibeba mizigo, picha wakapigwa wengine. Halafu Mountain Club of Kenya ikaanza 1949, ukoloni bado umekaa kitako. Fikiria mwenyewe nani enzi hizo alikuwa na gari, kamba na wikendi ya kuchezea.

Lakini kuna mtu mmoja anaiharibu hiyo hadithi yote. Kisoi Munyao. Wengi tunamjua kwa bendera: ndiye aliyeipandisha Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963. Kile ambacho mimi sikuwahi kuambiwa shuleni ni kwamba 1959, miaka minne kabla ya hapo, alikuwa ameshafika Batian, Mwafrika wa kwanza Mkenya kufanya hivyo. Na hizo ni shughuli mbili tofauti kabisa. Lenana, mita 4,985, unafika kwa miguu ukiwa na pumzi. Batian, mita 5,199, ni jiwe tupu, unakwea kwa mikono na kamba. Yaani bendera haikubebwa na mtu aliyeokotwa njiani. Ilibebwa na mkweaji. Aki hiyo ingefaa kuwa kwenye kila kitabu cha darasa la sita.

Sasa bolderingi yenyewe. Ni kukwea mawe mafupi bila kamba, godoro nene likiwa chini. Ilianza kama mazoezi tu: Waparisi walienda msitu wa Fontainebleau kukwea mawe wakijiandaa kwa Alps. Chaki ya mikononi ililetwa miaka ya 1950 na John Gill, Mmarekani mwanasarakasi aliyekuwa pia mwanahisabati. Mwaka 1964 pale chuo kikuu cha Leeds, mwalimu Don Robinson alipachika mawe kwenye ukuta wa korido, watu wakapata pa kukwea mvua ikinyesha. Jimu zote za kisasa ni wajukuu wa hiyo korido.

Angalia vizuri: korido, mawe, saruji. Hakuna kitu hapo fundi wa Shabab hawezi. Kinachotufungia nje leo ni pesa ya viatu na kiingilio, pamoja na nauli ya kwenda Nairobi kutafuta ukuta. Kaunti ikipata hela za viwanja vya michezo, ukuta wa mita nne pale sosho ungekula kipande kidogo sana cha hiyo bajeti.

Kama unaanza, usinunue viatu. Kodisha vya jimu kwanza. Sukuma kwa miguu. Wanaume hasa tunapenda kujivuta kwa mikono, na baada ya dakika kumi mikono imekufa. Ukianguka, tua kwa miguu yote miwili, kunja magoti, jibiringishe nyuma, na usitegemee kiganja, mkono utavunjika. Ngozi ya vidole itauma wiki ya kwanza. Na Fischer's Tower usiiguse bila kamba na mtu anayejua kazi, hata kama pimbi wanapanda kama ngazi.

Kuna fundi anayesoma hii anaweza kuchonga vishikio vya mbao? Inbox iko wazi.