Kususia: Fimbo Hii Humpiga Nani?

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, vuteni viti karibu, na mwenye daftari aandike miaka nitakayoitaja, maana mwisho wa somo yako maswali matatu.

Nilipokuwa chuoni, sisi wanafunzi tulisusia chakula kwa siku tatu, kwa sababu ya maharage yaliyojaa fukusi. Mkuu wa chuo alikuwa akila nyumbani kwake. Walioumia kwanza ni vibarua wa jikoni, waliolipwa kwa kutwa; siku zile tatu hawakuitwa kazini. Maharage yale hawakuyanunua wao. Tangu hapo, kila nisikiapo kwamba watu wamesusia kitu, hujiuliza: fimbo hii inampiga nani? Na huyo apigwaye, je, ana uwezo wa kutengeneza lililoharibika?

Leo tutalipeleka swali hilo katika jimbo la Arizona, nchini Marekani.

Marekani ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria, na polisi wake. Lakini kazi ya kuamua mgeni gani aingie nchini, na yupi arudishwe kwao, ni ya Serikali Kuu iliyoko Washington. Arizona imepakana na Meksiko. Nchi ile zamani ilikuwa ya Meksiko; sehemu kubwa ilichukuliwa na Marekani baada ya vita, kwa mkataba wa mwaka 1848, na sehemu ya kusini ikanunuliwa kwa mkataba wa mwaka 1853. Kwa hiyo wako jamaa ambao mababu zao walikaa pale kabla mpaka haujawekwa. Katika hesabu ya watu ya 2010, karibu watu 30 katika kila 100 wa Arizona walikuwa wenye asili ya Kimeksiko au ya nchi nyingine za Kihispania.

Sasa ugomvi ulianzaje? Mwaka 1993 na 1994 Serikali Kuu iliongeza walinzi wa mpaka huko El Paso, Texas, na huko San Diego, California. Njia zile zilipozibwa, watu waliotaka kuvuka bila kibali wakasukumwa kwenye jangwa la Arizona. Wengi walikufa kwa kiu na joto. Wafugaji wa mpakani nao walilalamika kwamba mashamba yao yamekuwa njia ya wauza dawa za kulevya. Mwezi wa Machi 2010 mfugaji mmoja alipigwa risasi shambani mwake akafa. Watu wengi waliamini kwamba muuaji alitoka ng'ambo ya mpaka, ingawa jambo hilo halikuthibitishwa mahakamani. Hasira ikazidi.

Tarehe 23 Aprili 2010, Gavana Jan Brewer alitia sahihi sheria iliyojulikana kwa namba yake, SB 1070. Mwenye kuipeleka barazani alikuwa Seneta Russell Pearce. Sheria hiyo ilimtaka polisi, akiwa amemsimamisha mtu kwa kosa fulani na akamshuku kuwa yumo nchini bila ruhusa, aulize habari za hati zake. Tena ilifanya kuwa kosa la jimbo kwa mgeni kukosa kuchukua hati zake, na kosa kwa asiye na kibali kutafuta kazi.

Walioitetea walisema: Serikali Kuu imeshindwa kazi yake, nasi hatuwezi kukaa tumekunja mikono. Usidhani walikuwa wachache. Katika uchunguzi wa maoni wa shirika la Pew mwezi wa Mei 2010, watu 59 katika kila 100 nchini Marekani waliikubali. Walioipinga walisema: polisi atamshuku nani, ila mwenye ngozi nyeusi kidogo na matamshi ya Kihispania? Mzalia wa nchi atalazimika kutembea na hati kama mgeni. Na mama aliyeibiwa ataogopa kwenda kushtaki, asije akaulizwa yeye kwanza. Baraza lilirekebisha sheria siku chache baadaye, likakataza rangi ya mtu isitumiwe kuwa sababu, lakini hofu haikuisha.

Ndipo watu wakaanza kususia. Raúl Grijalva, mbunge wa Arizona yenyewe katika Bunge la Washington, aliviomba vyama visifanye mikutano yao mikuu katika jimbo lake. Fikiri uzito wa neno hilo: mtu anaomba nyumba yake mwenyewe inyimwe wageni! Tarehe 12 Mei, Baraza la Mji wa Los Angeles lilipiga kura 13 kwa 1 kwamba mji usifanye biashara na Arizona. Gary Pierce, mjumbe wa tume inayosimamia umeme wa Arizona, akaandika barua kumkumbusha meya kwamba robo ya umeme wa Los Angeles ilitoka Arizona. Kama wanasusia, basi na wasusie na taa pia. Mwezi wa Juni baraza lile lile likaruhusu mkataba na kampuni moja ya Arizona uendelee, maana kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na kamera za kuwapiga picha wapitao taa nyekundu. Kutoa azimio ni rahisi. Kulitimiza kuna gharama.

Wenye hoteli walilia. Nao waliofagia vyumba na kuosha vyombo katika hoteli hizo, wengi wao walikuwa wa jamii ile ile iliyokusudiwa kusaidiwa. Hapo nakumbuka vibarua wetu wa jikoni.

Lakini tusiseme upesi kwamba kususia hakufai. Arizona ilikuwa imeonja fimbo hiyo kabla. Mwaka 1987 Gavana Evan Mecham alifuta sikukuu ya Martin Luther King, na mwaka 1990 wapiga kura wakakataa kuirudisha. Wakuu wa ligi ya mpira wa Kimarekani wakaliondoa shindano lao kubwa la 1993 kutoka Arizona, wakalipeleka Pasadena, California. Mwaka 1992 wapiga kura walikubali sikukuu hiyo, na mwaka 1996 shindano likachezwa Tempe, Arizona. Kwa nini safari ile fimbo ilifaa? Kwa sababu lililotakiwa lilikuwa moja na lilieleweka, na walioumia walikuwa na karatasi za kura mikononi.

Mwaka 2010 mambo hayakuwa hivyo. Mwezi wa Novemba Brewer alishinda uchaguzi wa ugavana. Mwaka 2011 majimbo mengine matano, yaani Utah, Georgia, Indiana, South Carolina na Alabama, yalitunga sheria zilizofanana na hiyo. Hata hivyo, mwezi wa Machi 2011 wakuu 60 wa makampuni ya Arizona walimwandikia Pearce kwamba sheria zaidi za namna hii zitaharibu biashara, na siku chache baadaye Seneti ikaangusha miswada mitano. Basi, kususia hakukuondoa sheria iliyokwisha kutungwa. Kulisaidia kuzuia zile zilizokuwa njiani.

Sheria yenyewe iliamuliwa mahakamani. Tarehe 28 Julai 2010, siku moja kabla haijaanza kutumika, Jaji Susan Bolton alivisimamisha vifungu vyake vikali, na Grijalva akaacha kuomba watu wasusie. Tarehe 25 Juni 2012 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu. Ilikumbuka kesi ya 1941, ambapo sheria ya Pennsylvania ya kuwaandikisha wageni na kuwachukuza kadi ilikataliwa, kwa kuwa jambo hilo ni la Serikali Kuu. Vifungu vitatu vya Arizona vikavunjwa. Kile cha polisi kuuliza hati kikabaki, lakini Mahakama ikaonya kwamba kinaweza kushtakiwa tena kikitumiwa vibaya.

Ugomvi haukuishia hapo. Novemba 2024 wapiga kura wa Arizona walikubali sheria nyingine ya kuwapa polisi wa jimbo uwezo wa kuwakamata wavukao mpaka bila kibali, ingawa kifungu hicho kiliwekwa kingoje kwanza sheria ya Texas ya 2023 ianze kutumika.

Nami, baada ya kuzipima habari hizi, naona hivi: kususia ni haki ya raia, lakini si haki ya kufumba macho. Mwenye kuinua fimbo na aulize kwanza itamwangukia nani, na amtafutie chakula yule asiye na kosa.

Sasa maswali ya kikundi. La kwanza: kwa nini Serikali Kuu, wala si jimbo, ndiyo yenye kuamua habari za wageni? La pili: kususia kwa miaka ya 1987 hadi 1992 kulitofautianaje na kwa 2010? La tatu: kama ungekuwa mfanyakazi wa hoteli Arizona, mwenye ndugu asiye na hati, ungetaka wageni waje au wasije?

Hilo la tatu msilijibu upesi. Kwa herini.