Afrika Kusini: Namna ya kupima hatari ya moto katika majengo makuukuu ya kupanga

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, moto ulizuka katika jengo la ghorofa tano liitwalo Usindiso, nambari 80 Mtaa wa Albert, eneo la Marshalltown katikati ya jiji la Johannesburg. Watu 76 waliangamia, watoto wakiwamo, na makumi ya wengine walijeruhiwa, baadhi yao kwa kujirusha madirishani. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo raia wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Kwa jamii za Waswahili zilizotawanyika kusini mwa Afrika, habari hiyo ilikuwa msiba wa nyumbani.

Jengo hilo lina historia ndefu. Zama za ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi ya serikali iliyoshughulikia pasi za Waafrika, yaani hati zilizoamua nani aruhusiwe kuingia mjini na nani afukuzwe. Baadaye lilikuwa makimbilio ya wanawake na watoto. Mmiliki wake ni Jiji la Johannesburg lenyewe. Uangalizi ulipolegea, watu wasio na pa kulala waliingia, kumbi zikakatwakatwa kuwa vijumba kwa mbao, maboksi na mapazia, na kukatokea watu wa kukusanya kodi ya mahali pasipo pao. Majengo ya namna hii huitwa huko majengo yaliyotekwa.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Sisi Khampepe, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba. Mwezi Januari 2024 mtu mmoja aliiambia tume hiyo kwamba ndiye aliyewasha moto, na baadaye akafunguliwa mashtaka. Wengi walidhani fumbo limekwisha. Ripoti ya tume, iliyokabidhiwa Mei 2024, ilitazama mbali zaidi: ililaumu jiji kwa kutotimiza wajibu wake wa kisheria, na kusema lilijua hali mbaya ya jengo hilo tangu mwaka 2019 kwa uchache. Moto huwashwa na mtu mmoja, au mshumaa mmoja, katika chumba kimoja. Idadi ya watakaokufa huamuliwa na mambo yaliyokuwapo miaka mingi kabla ya cheche ya kwanza, na hayo ndiyo yanayopimwa.

La kwanza ni njia ya kutoka. Anayekagua jengo kuukuu haanzi na mitungi ya kuzimia moto. Huanza katika chumba kilicho mbali kabisa na ngazi, akauliza: moshi ukiziba ukumbi huu, aliyelala humu atapitia wapi? Jengo la ghorofa kadhaa linahitaji njia mbili zilizotengana, kwani ngazi moja iliyo wazi hugeuka bomba la moshi ndani ya dakika chache. Katika majengo ya zamani ngazi ya pili mara nyingi ipo. Ila imefungwa kwa kufuli kuzuia wezi, imejazwa mizigo, au mtu amejijengea chumba chini yake. Manusura wa Usindiso walisimulia juu ya geti lililofungwa na watu waliokwama nyuma yake. Nondo za madirishani ni mtego wa aina hiyo hiyo. Zinamzuia mwizi kila usiku, na usiku mmoja zinamzuia mwenye chumba.

Kisha hutazamwa kuta za ndani. Kuta za nje za majengo hayo, za matofali na zege, huweza kubaki zimesimama hata baada ya kila kitu ndani kuteketea, jambo linalowapa wapangaji matumaini ya uongo. Kinachoungua ni kile kilichoongezwa: mbao nyembamba, magodoro ya sponji, mapazia, nailoni. Vitu hivyo hutoa moshi mzito wenye hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wengi katika mioto ya nyumba hufa kwa moshi kabla mwali haujawafikia. Ndiyo maana mlango mzito unaojifunga wenyewe, ule ambao wapangaji huuegemeza jiwe ili upepo upite, una thamani kubwa kuliko unavyoonekana.

Umeme nao una hesabu yake, tena rahisi. Jiko la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Majiko mawili yakichomekwa kwenye ekstensheni moja iliyotengenezwa kwa ampea 10, waya hubeba karibu mara mbili ya uwezo wake. Hauwaki papo hapo. Hupata joto kila jioni, ngozi yake ikakauka na kupasuka, hadi siku moja. Pale ambapo umeme umeunganishwa kienyeji bila fyuzi wala swichi kuu, hakuna kitu cha kuukata. Umeme ukikosekana, mishumaa na majiko ya mafuta ya taa hushika nafasi yake, nayo mafuta ya taa yakilipuka hayazimwi kwa maji, maana maji huyasambaza.

Mitungi, mipira ya maji na vifaa vya kung'amua moshi huja baada ya hayo yote. Mtungi usio na presha ni pambo tu.

Ugumu mkubwa uko kwingine. Mpangaji asiye na mkataba, pengine asiye na hati za ukaazi, huogopa mkaguzi kuliko moto, na woga huo si wa bure: ukaguzi umewahi kuwa mlango wa kufukuzwa. Sheria ya Viwango vya Ujenzi ya mwaka 1977 inaipa mamlaka ya mji uwezo wa kuamuru watu watoke katika jengo la hatari. Hata hivyo, Februari 2008, katika kesi ya wakaazi wa nambari 51 Olivia Road, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba jiji sharti lifanye mazungumzo ya dhati na wakaazi kabla ya kuomba waondolewe, na kwamba asiyetoka haadhibiwi bila amri ya mahakama. Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, mahakama hiyo ililitaka jiji liwapatie makazi ya muda hata wale wanaoondolewa na mmiliki binafsi, iwapo wangebaki bila pa kulala. Kwa hiyo kuripoti nyaya zilizo wazi hakumfanyi mtu apoteze haki ya kusikilizwa, ingawa wachache huambiwa hivyo.

Kuna vipimo visivyohitaji mkaguzi. Mpangaji aweza kuitembea njia ya kutokea usiku, taa zikiwa zimezimwa, huku akihesabu milango kwa mkono ukutani. Ndivyo itakavyokuwa ndani ya moshi. Nambari 112 hupigwa kwa simu ya mkononi popote Afrika Kusini. Na kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, kuna swali la kumuuliza mkusanyaji: usiku, ufunguo wa geti la chini hukaa kwa nani?